Namna ya Kulitengea Faili Kubwa Nafasi Usiyokuwa Nayo

Kabla hujaanza, hakikisha diski imejaa. Mwongozo huu haumhusu mtu ambaye kompyuta yake ina nafasi tele. Huyo ana raha zake, na sidhani anaishi upande huu wa Oyugis. Kwetu, kutoka Kendu Bay hadi Muhuru Bay, kazi ya kulitengea faili kubwa nafasi huanza diski ikifika asilimia 99. Ikiwa 98, ngoja kwanza. Haraka ya nini?

Chagua pia siku. Muhtasari wa mwezi wa huduma za HIV, ile fomu ya MOH 731 ambayo makarani wa data huiota usingizini, husubiriwa tarehe 5. Basi siku nzuri ya kugundua kwamba seva haina nafasi ni tarehe 4, saa kumi na moja jioni, mvua ya ziwani imeshaanza na stima inapepesa. Ukigundua tarehe 20 utakuwa umejinyima utamu wote. Ukiwa Mfangano utamu unaongezeka, kwa sababu mtu wa kompyuta itabidi avuke kwa boti kutoka Mbita, na hakuna anayevuka kwenye upepo ule kwa ajili ya faili.

Msomaji aliye mbali na kaunti hizi mbili huenda akauliza: Homa Bay na Migori zina data gani ya kuielemea diski? Omena hawahesabiwi kwa gigabaiti, na miwa ya Awendo hupimwa kwa tani. Jibu liko kliniki. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya UKIMWI, na Migori asilimia 13.0. Mwaka 2001 shirika la MSF lilianza kutoa dawa za ARV bila malipo katika hospitali ya Homa Bay. Mtu aliyeanza dawa wakati huo na akazimeza bila kukosa huenda bado yuko hai, anakuja kliniki, na kila akija panaandikwa uzito wake, tembe alizopewa, kiwango cha virusi na tarehe ya kurudi. Hilo ndilo faili kubwa ninalolizungumzia. Limenenepa kwa sababu watu hawakufa. Sijui sababu nzuri zaidi ya kujaza diski.

Zamani hayo yote yalikaa kwenye kadi za karatasi, na karatasi ina adabu moja: ikijaa kabati unaiona. Kuanzia 2012 vituo vingi vilipewa KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza 2004 na kutumika Eldoret kuanzia 2006. Miaka michache baadaye KenyaEMR ilikuwa kwenye vituo zaidi ya 300 nchini. Seva yake mara nyingi iko palepale kituoni, inaendesha Ubuntu, na chini yake kuna hifadhidata ya MySQL. Yaani data haiko mawinguni, iko kwenye chumba cha nyuma karibu na maboksi ya glavu. Mfumo wenyewe hauna kosa hapa. Kosa, kama utafuata maelekezo yangu vizuri, litakuwa lako.

Hatua ya kwanza ni kununua diski nyingine, na usiende kwenye duka linalotoa risiti. Tafuta kibanda kati ya Migori na mpaka wa Isebania, uulizie flashi ya terabaiti 2 kwa bei ya samaki na ugali wa watu wawili. Haitakosekana. Imeandikwa 2TB kwa wino unaong'aa, na ukiichomeka, kompyuta nayo itasema ni 2TB, maana kompyuta huamini inachoambiwa na flashi. Ndani yake kuna chipu ndogo, pengine ya GB 16, na programu iliyofundishwa kudanganya. Utanakili hadi chipu ijae. Baada ya hapo kila kinachoingia kitaandikwa juu ya kilichotangulia, au kitamwagwa tu, huku majina ya mafaili yakibaki yakionekana, na ukubwa wake kamili, kama kawaida. Hakuna mfumo endeshi uwezao kukutengea nafasi nyingi kiasi hicho kwa pesa kidogo kiasi hicho. Watu wasio na imani hutumia f3 kwenye Linux: f3write inajaza flashi yote, f3read inaisoma tena ili ijulikane ni kiasi gani kilirudi. Kwenye Windows kuna H2testw. Kazi hiyo huchukua masaa na huharibu urafiki na muuzaji, kwa hiyo achana nayo.

Ukikosa flashi ya uongo, nunua diski ya kweli kisha ulalamike. Diski ya terabaiti 1 ukiifungua kwenye Windows husoma 931. Irudishe dukani useme GB 69 zimeibwa njiani, pengine pale Ahero gari liliposimama. Hazijaibwa. Aliyetengeneza diski anahesabu giga moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows anaihesabu kuwa 1,073,741,824, na kila mmoja anaapa kwa hesabu yake. Wamarekani walilipeleka jambo hili mahakamani. Kampuni ya Western Digital ilimaliza kesi yake kwa maafikiano mwaka 2006, ikawapa wateja programu ya bure ya kutengeneza nakala za akiba. Waliolia kwamba diski ni ndogo walipewa chombo cha kuijaza.

Diski hiyo au flashi hiyo ikija na fomati ya FAT32, iache nayo. FAT32 ni ya tangu 1996, inasomwa na kila televisheni na kila dekoda kutoka Rongo hadi Mbita, na haikubali faili moja linalozidi baiti 4,294,967,295. Ndiyo maana filamu ndefu inagoma kuingia kwenye flashi ya GB 64 iliyo tupu, na mwenye duka la filamu anakwambia flashi yako ina virusi. Nakala ya hifadhidata ya kliniki nayo ikipita GB 4 itagoma palepale, tena baada ya kunakili GB 4 za kwanza, ili usiseme haikujaribu. Kuifomati flashi kwa exFAT ni kazi ya dakika moja. Lakini ungeifanya, ungepata wapi cha kulalamikia?

Sasa tufike kwenye kutenga kwenyewe. Mfumo endeshi una njia tatu za kuliambia faili kwamba hapa ni pako, na utazielewa zote ukisimama steji ya Migori asubuhi matatu za Isebania zikijaza.

Kuna wale vijana wanaokaa ndani ya matatu ili ionekane karibu ijae. Wamevaa vizuri, mmoja ana mkoba kabisa, lakini hawaendi popote. Abiria wa kweli akiingia, mmoja wao anashuka kimyakimya. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: dd if=/dev/zero of=hifadhi.img bs=1M count=20480. Amri hii inaandika GB 20 za sifuri hadi kila kiti kipate mtu. Nafasi inakuwa yako kweli, ila umeilipia kwa muda: diski ya kuzunguka inayoandika MB 100 kwa sekunde itachukua kama dakika tatu na nusu, flashi inayojikokota kwa MB 10 itapita nusu saa. Njia hii ina raha ya ziada kwa wenye mkono mwepesi. Ukikosea ukaandika of=/dev/sda badala ya jina la faili, dd haitauliza mara mbili. Itaanza kuifuta diski yenyewe tangu mwanzo wake, na kwa mara ya kwanza tangu seva iletwe utakuwa na nafasi ya kutosha.

Njia ya pili ni ya kondakta anayetupa koti lake juu ya kiti. Hakuna aliyekaa, lakini hakuna mwingine atakayekaa. Andika fallocate -l 20G hifadhi.img, na itamaliza kabla hujatoa kidole kwenye kibodi. Linux ilipata uwezo huu kwenye toleo la 2.6.23 la Oktoba 2007. Mifumo ya faili kama ext4 na XFS haiandiki sifuri hata moja. Inatia alama kwenye daftari lake kwamba vipande hivi vya diski ni vya faili hili na havijaandikwa bado. Ukivisoma unapewa sifuri, hata kama chini yake kumelala data ya mtu mwingine aliyefuta zamani. Na kwa kuwa vipande vinaombwa kwa mkupuo mmoja, ext4 hujitahidi kuvipanga mfululizo, hadi MB 128 kwa kipande, jambo ambalo diski ya kuzunguka hulishukuru kwa kutohangaika huku na huko. Diski ya kale yenye ext3 itakujibu kwamba hailijui neno hilo. Btrfs nayo italipokea, lakini hupenda kuandika mabadiliko mahali papya kila mara, kwa hiyo ahadi yake ina masharti. Ukiacha hayo, fallocate ni ya haraka, ya uhakika, na haikugharimu chochote. Kwa sababu hizo ofisini hutaona mtu akiitumia.

Ofisini hutumika njia ya tatu, ya kondakta mwenye simu. "Njoo tu mama, kiti chako nimekushikia," anawaambia watu ishirini, na gari ni la abiria kumi na wanne. Piga truncate -s 500G hifadhidata.img kwenye diski ya GB 120, na mfumo utakubali bila kukohoa. ls -lh itasema 500G. du -h itasema 0. Hakuna anayedanganya: ls anasoma ukubwa ulioahidiwa, du anahesabu vipande vilivyotolewa. Picha ya skrini ya ls utaiweka kwenye ripoti ya robo mwaka, chini ya kichwa kinachosema uwezo wa kuhifadhi umeimarishwa. Amri ya du usimfundishe mtu. Mambo huharibika siku mbili tu: siku data ya kweli inapokuja kudai viti vyake, na siku mtu anaponakili faili hilo kwenye flashi ya exFAT, ambayo haijui faili lenye mashimo. Hapo kila shimo hugeuka sifuri ya kweli, na flashi inafurika data ambayo haijawahi kuwepo.

Walio kwenye Windows wasijisikie wametengwa. Wana fsutil file createnew D:\hifadhi.dat 21474836480, na hiyo namba ndefu ni GB 20, kwa maana fsutil haitaki kusikia habari za giga, inataka baiti zote ziandikwe na zisipungue. Vilevile kuna fsutil file setvaliddata, na hapa naomba nitoke kwenye mzaha kwa aya hii moja. Kwa kawaida Windows akilipa faili nafasi hukumbuka ni wapi data halali inaishia, na kila kilicho mbele ya alama hiyo hukionyesha kama sifuri. Setvaliddata husogeza alama hiyo kwa nguvu. Faida yake ni kasi, na wanaoendesha hifadhidata kubwa huitaka. Hasara yake ni kwamba mabaki ya mafaili yaliyofutwa sasa yanasomeka ndani ya faili jipya. Ndiyo maana inataka mamlaka ya msimamizi. Kwenye kompyuta iliyowahi kubeba majina ya wagonjwa na majibu yao, mabaki hayo ni siri za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti. Katika mji ambao karani, mgonjwa na shemeji ya mgonjwa wanasali kanisa moja, hata bila sheria mtu angeelewa.

Basi turudi kazini. Windows mwenyewe ni bingwa wa kujitengea. Tangu toleo la 1903 la Windows 10, Mei 2019, kompyuta mpya hujiwekea kama GB 7 za masasisho, na hakuna aliyeulizwa. Kuna hiberfil.sys pia, faili la kulala ambalo kwa kawaida huchukua karibu asilimia 40 ya kumbukumbu ya kompyuta, hata kwenye kompyuta ya mezani ambayo haijawahi kulala tangu inunuliwe, huzimika tu stima ikipotea. Amri powercfg /h off hulifuta. Mwenye Mac ana mkfile, lakini mwenye Mac huku ni mtu wa mradi, na mradi una bajeti ya diski.

Tuingie sasa kwenye kile chumba cha nyuma. Seva ya kliniki hutambulika kwa karatasi iliyobandikwa: SEVA, USIZIME. Mara nyingi ni kompyuta ya mezani kama zile nyingine, tofauti ni hiyo karatasi. Aliyeisimika alikubali kila alichoulizwa na Ubuntu, kwa hiyo mfumo endeshi, hifadhidata, nakala za akiba na muziki wa injili vyote vinakaa kwenye partisheni moja. Usibadilishe. Ungeitengea hifadhidata partisheni yake, muziki ungejaa upande wake na wagonjwa wangeendelea kuhudumiwa, na wewe ungesahaulika kabisa. Mtu wa kompyuta hukumbukwa siku ya tanzia.

Nakala ya akiba ya kila usiku iweke kwenye diski ileile. Kila usiku, na usifute ya jana. Hifadhidata ya GB 3 ikinakiliwa kila siku kwa mwezi mmoja ni karibu GB 90 za usalama, zote zitakufa siku moja na ile zinayoilinda. Na kama ni MySQL 8.0, usiguse mipangilio: logi zake za mabadiliko huwa zimewashwa tangu mwanzo na hutunzwa siku 30, kwa hiyo kila kilichoandikwa huandikwa mara mbili bila wewe kujua.

Halafu data ikizidi, futa rekodi. Mamia ya maelfu ya safu za majaribio ambazo hakuna anayezihitaji, zifute zote, kisha utazame diski. Haijapungua hata MB moja. MySQL kwa injini yake ya InnoDB hairudishi nafasi kwa mfumo endeshi. Huibakiza ndani ya faili kwa matumizi yake ya baadaye, na usimlaumu, ndiye peke yake ofisini anayeweka akiba. Ukitaka irudi, amuru OPTIMIZE TABLE, ambayo hulijenga jedwali upya. Ili kulijenga upya inahitaji nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa jedwali lenyewe. Ungekuwa na nafasi hiyo, usingekuwa unasoma mwongozo huu.

Diski ikifika mwisho kabisa, MySQL hufanya jambo la heshima ambalo wengi hulichukulia kuwa ni kukwama. Haianguki. Inasubiri. Kila dakika moja huangalia kama nafasi imepatikana ya kuandika safu iliyo mkononi, na ikipatikana huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila dakika kumi huandika onyo kwenye faili la logi kwamba diski imejaa. Faili la logi, kwa kawaida, liko kwenye diski hiyohiyo. Wakati huo kwenye chumba cha mbele sista anatazama kiduara kikizunguka kwenye skrini, benchi limejaa akina mama waliotoka Ndhiwa tangu alfajiri, na daktari anauliza, "Karani, hiyo mashini yako ina nini leo?" Jibu sahihi ni "Network." Hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili baada ya hapo.

Sasa mtu wa kompyuta amefika. Mpe kiti, mpe chai, umwache apige df -h. Ataona maajabu: diski ya GB 500, zilizotumika hazifiki 500, na zilizobaki ni 0. Hapo wengi hurudi kwenye habari za wizi wa Ahero. Ukweli ni kwamba ext4 ikitengenezwa hujiwekea asilimia 5 kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu, ili mfumo usife kabisa wengine wakishamaliza kila kitu. Kwenye diski ya GB 500 hiyo ni kama GB 25, na MySQL, inayoendeshwa kwa jina la mtumiaji wa kawaida, haiwezi kuzigusa. Kwenye partisheni ya mfumo endeshi, hiyo ni busara. Kwenye diski ya pili iliyobeba data tupu, ni nafasi iliyofungiwa bure, na tune2fs -m 1 ikifuatwa na jina la partisheni hurudisha sehemu kubwa yake bila kufuta kitu. Mtu wa kompyuta akiijua amri hiyo, ataonekana mganga. Akiifanya kwenye partisheni ya mfumo endeshi, atakuwa amekula mbegu, lakini ripoti itafika kesho.

Asipoijua, ataanza kufuta. Maelekezo hapa ni mafupi: asiguse filamu. Kwenye seva kuna folda isiyo na jina la maana, ndani yake misimu minne ya tamthilia na filamu zilizosimuliwa na DJ Afro, jumla GB 60, na haina mwenyewe. Kila anayeulizwa anasema aliikuta. Afute badala yake faili la logi lenye GB 30, kwa rm, kwa kujiamini. Kisha apige df tena. Hakuna kilichobadilika. Apige mara ya pili, maana labda haikusikia. Faili limefutwa jina tu. Programu iliyolifungua bado inaliandikia, na Linux haiachilii vipande vyake hadi aliyelishika aliachie. Amri lsof +L1 huonyesha mafaili ya namna hiyo na nani kayashika. Kuwasha upya programu hiyo humaliza jambo. Kuzima seva nzima kwa kubonyeza swichi ya ukutani pia hulimaliza, pamoja na mengine.

Ipo hila moja ya wazee wa kazi hii ambayo ninaitoa kwa shingo upande, kwa kuwa inafanya kazi. Siku diski ikiwa bado na nafasi, tengeneza kwa fallocate faili la GB 8 lisilo na kitu. Liache. Jioni ile ya mvua, diski ikifika ukingoni, lifute: GB 8 zinatokea papo hapo, MySQL iliyokuwa ikisubiri inaendelea ndani ya dakika moja, ripoti inaondoka, na kesho unatafuta chanzo ukiwa umepata usingizi. Hifadhidata ya CockroachDB hujitengenezea faili la aina hii yenyewe. Tahadhari iko kwenye jina. Ukiliita USIGUSE, litaguswa kabla ya saa sita mchana. Ukiliita AKIBA, kuna mtu atadhani ni filamu. Liite MAPENDEKEZO_YA_MKAGUZI. Litakaa salama miaka kumi, hakuna atakayelifungua.

Kuna pia njia rasmi, ambayo ni kuiandikia kaunti barua ya kuomba diski. Sitakaa sana hapo. Barua ipitie kwa mkuu wa kituo, iende kaunti ndogo, ifike ununuzi, isubiri mwaka wa fedha unaoanza Julai. Diski itakayokuja itakuwa kubwa, nzuri, na ya aina isiyoingia kwenye ile kompyuta.

Kwa msomaji mmoja ambaye seva yake bado ina nusu tupu, au ambaye anakwenda kusimika mpya wiki hii, niwie radhi kwa kukupotezea muda, na nina ombi. Kabla hujaingiza mgonjwa wa kwanza, ipe hifadhidata partisheni yake na nakala za akiba zipe diski nyingine, hata ya bei ndogo, mradi umeipima kwa f3. Ni kazi ya nusu saa kompyuta ikiwa tupu. Ikishabeba wagonjwa elfu tatu, utaifanya usiku, kliniki imefungwa, huku ukiomba stima isipotee.